Kukubali ofa huanza lini kuwa na nguvu: jibu linapotumwa, linapopokewa, au kwa nyakati mbili?

Watu wawili wakiwa meza moja, mmoja akatoa ofa na mwingine akasema amekubali, hakuna anayehitaji kuuliza mkataba ulifungwa saa ngapi. Swali hilo huzuka pale ambapo kati ya kauli ya kukubali na masikio ya mtoa ofa kuna siku za posta, saa za usiku, au seva ambayo hakuna kati yao anayeiona. Katika muda huo bei hupanda au kushuka, mtu hubadili nia, ujumbe hupotea, na kila upande unaweza kuamini kwa moyo safi kwamba uko sawa.

Sheria za nchi mbalimbali zimejibu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza husema mkataba hufungwa jibu linapotumwa. Ya pili husema hufungwa jibu linapomfikia mtoa ofa. Ya tatu hugawa jibu: mtoa ofa hufungwa mapema, mpewa ofa hufungwa baadaye. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, kwa sehemu kubwa, kanuni hizi hutumika pale tu ambapo wahusika hawakupanga vinginevyo. Anayeandika ofa ana uwezo wa kuchagua, na anayepewa ofa ana haki ya kuuliza kanuni ipi inatumika kabla hajajibu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yao wote wawili. Hauhusu ofa zinazokubaliwa kwa kutenda kazi iliyotajwa, kama ahadi ya zawadi kwa atakayerudisha mali iliyopotea, maana huko aghalabu hakuna jibu linalosafiri.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima kanuni zote tatu kwa maswali manne. Je, jibu likipotea au kuchelewa njiani, hasara ni ya nani? Nani bado anaweza kurudi nyuma, na hadi lini? Je, saa ya kufungwa kwa mkataba inathibitishika kwa urahisi? Na mkataba unahesabiwa umefungwa wapi, jambo ambalo linaweza kuamua ni mahakama ipi itakayosikiliza kesi?

Ili maneno yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja. Muuzaji wa mashine anatuma ofa kwa barua, nayo inamfikia mnunuzi Jumatatu. Jumatano mnunuzi anapeleka posta barua ya kukubali. Alhamisi anapokea barua ya muuzaji inayosema ofa imeondolewa. Ijumaa barua ya kukubali inafika ofisini kwa muuzaji. Je, kuna mkataba?

Kanuni ya kutuma

Chimbuko lake ni kesi ya Adams v Lindsell, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1818. Wauza sufu waliandika barua ya ofa tarehe 2 Septemba 1817 wakataka jibu kwa posta, lakini walikosea anwani, na barua ikazunguka hadi ikawafikia wanunuzi jioni ya tarehe 5. Wanunuzi walijibu jioni ileile kwamba wamekubali. Jibu lilifika tarehe 9. Wauzaji, ambao kwa hesabu yao walitarajia jibu kufikia tarehe 7, walikuwa wamekwisha kuiuza sufu kwa mtu mwingine tarehe 8. Mahakama iliamua kwamba mkataba ulikuwa umefungwa barua ya kukubali ilipotiwa posta. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama mtoa ofa hafungwi mpaka apate jibu, basi na mpewa ofa asifungwe mpaka ajulishwe kwamba jibu limefika, na taarifa hiyo nayo ingehitaji taarifa nyingine, bila mwisho.

Kwa maoni yangu, hoja hiyo si nguzo imara ya kanuni hii, kwa kuwa mnyororo huo unaweza kukatwa kwenye pete yoyote, ikiwemo ile ya kupokea. Nguzo imara zaidi inaonekana katika Byrne v Van Tienhoven ya mwaka 1880. Muuzaji wa Cardiff alituma ofa ya mabati kwenda New York tarehe 1 Oktoba. Tarehe 8 akatuma barua ya kuiondoa. Tarehe 11 mnunuzi akakubali kwa simu ya maandishi. Barua ya kuondoa ofa ikafika tarehe 20. Iliamuliwa kwamba kuondoa ofa hakuna nguvu mpaka kumfikie mpewa ofa, na kwa hiyo mkataba ulikuwapo. Pale sheria inapomruhusu mtoa ofa kuiondoa ofa yake wakati wowote kabla haijakubaliwa, kanuni ya kutuma humpa mpewa ofa mahali pa kukanyaga: akishatuma jibu, anaweza kuagiza vifaa na kuajiri watu bila hofu kwamba barua ya kuondoa ofa iko njiani.

*Hasara ya njiani.* Humwangukia mtoa ofa, tena bila huruma. Katika Household Fire Insurance v Grant ya mwaka 1879, mtu aliyeomba hisa 100 za kampuni (ombi lake ndilo ofa) aligawiwa hisa hizo kwa barua ya kukubali ambayo haikumfikia kamwe. Kampuni ilipofilisika, alitakiwa kulipa kama mwanahisa, na mahakama ilikubali. Jaji Bramwell hakukubaliana na wenzake: kwake, barua isiyofika si mawasiliano. Naona pingamizi lake lina uzito, kwani mtoa ofa anaweza kufungwa na jambo ambalo hana njia yoyote ya kulijua. Jibu la upande wa pili ni kwamba alikuwa huru kuandika katika ofa yake kwamba jibu lazima limfikie, na hakuandika.

Mipaka ya kanuni hii ni muhimu kuliko kanuni yenyewe. Hutumika pale ambapo wahusika walitarajia, au ilikuwa busara kutarajia, kwamba posta ingetumika, kama ilivyoelezwa katika Henthorn v Fraser mwaka 1892. Haitumiki ofa inapodai jibu lifike: katika Holwell Securities v Hughes ya mwaka 1974, haki ya kununua nyumba ndani ya miezi 6 ilipaswa kutumiwa kwa taarifa ya maandishi kwa mwenye nyumba; barua ilitumwa kabla ya muda kwisha, haikufika, na haki hiyo ikapotea. Wala haitumiki kwa simu na njia nyingine za papo kwa papo.

*Kurudi nyuma.* Mlango hufungwa kwa wote wawili kwa mkupuo mmoja. Kwa mantiki ya kanuni hii, mpewa ofa aliyetuma barua Jumatano hawezi kupiga simu Alhamisi akajitoa. Kama angeweza, angekuwa na siku mbili za kutazama soko huku mwenzake amefungwa.

*Ushahidi.* Stakabadhi ya barua ya rejista humtosha aliyetuma. Tatizo ni kwamba ushahidi wote uko mkononi mwa upande mmoja.

*Mahali.* Ni pale jibu lilipotumiwa, ambapo kwa kawaida ni kwa mpewa ofa.

Katika mfano wetu, mkataba ulifungwa Jumatano na barua ya Alhamisi imechelewa. Kanuni hii inamfaa anayepaswa kuanza kazi mara tu anapokubali, na inamfaa pia mtoa ofa ambaye hajali kubeba hatari ya njiani ili apate mteja upesi. Hufuatwa katika nchi zilizorithi sheria ya mkataba ya Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo kupitia Law of Contract Act, Sura ya 23. Nchini Marekani ni kanuni ya kawaida, isipokuwa pale mpewa ofa anapotumia haki ya kuchagua aliyoilipia, yaani amelipa ili ofa ibaki wazi kwa muda fulani, ambako ni lazima jibu lipokewe. Japani iliifuata kwa zaidi ya karne moja, kisha ikaiacha katika marekebisho yaliyoanza kutumika Aprili 2020.

Kanuni ya kupokea

Hii ndiyo inayotawala biashara ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya bidhaa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980, unasema katika kifungu cha 18 kwamba kukubali kuna nguvu pale kunapomfikia mtoa ofa. Ujerumani ina kanuni hiyo katika kifungu cha 130 cha sheria yake ya madai, na Ufaransa iliiandika wazi katika kifungu cha 1121 mwaka 2016.

*Hasara ya njiani.* Humwangukia anayekubali, kwa sababu yeye ndiye anayechagua njia ya kutuma na ndiye anayeweza kutuma nakala ya pili. Kufika hakumaanishi kusomwa. Barua iliyoachwa kwenye ofisi ya mtoa ofa imefika hata kama bahasha haijafunguliwa. Italia hudai kwamba mtoa ofa awe amefahamu jibu, lakini mara moja hudhania kwamba amefahamu lilipofika kwenye anwani yake, isipokuwa athibitishe kwamba bila kosa lake hakuweza kulijua. Kwa hiyo matokeo hayaachani sana.

Mkataba wa Vienna haukumwacha mpewa ofa peke yake. Kifungu cha 21 kinasema kwamba, barua iliyochelewa ikionyesha yenyewe kuwa ilitumwa katika hali ambayo kwa safari ya kawaida ingefika kwa wakati, kukubali huko kuna nguvu, isipokuwa mtoa ofa amjulishe mwenzake bila kukawia kwamba ofa imekwisha kupita. Mtoa ofa aliyeona muhuri wa posta hawezi kunyamaza kisha akajificha nyuma ya ucheleweshaji.

Kwa simu, maelezo bora niyajuayo ni ya Jaji Denning katika Entores v Miles Far East Corporation, mwaka 1955. Laini ikikatika kabla neno la kukubali halijasikika, hakuna mkataba. Aliyekubali anajua laini imekatika, na ni juu yake kupiga tena. Lakini kama maneno hayakusikika vizuri na msikilizaji hakuomba yarudiwe, huku msemaji akiamini kwa sababu za msingi kwamba yamesikika, msikilizaji hatasikilizwa akisema hakuyapata. Kanuni ni ya kupokea, ila haimlindi mtoa ofa dhidi ya uzembe wake mwenyewe.

*Kurudi nyuma.* Hapa wengi hupotea, kwa sababu kanuni ya kupokea ina sura mbili. Katika sura yake tupu, hakuna aliyefungwa mpaka jibu lifike, na mtoa ofa anaweza kuiondoa ofa wakati jibu liko njiani. Mkataba wa Vienna umeziba tundu hilo: kwa kifungu cha 16, ofa haiwezi kuondolewa tena mara mpewa ofa anapotuma jibu, ingawa mkataba wenyewe haujafungwa. Kwa upande mwingine, kifungu cha 22 kinamruhusu mpewa ofa kufuta kukubali kwake ikiwa taarifa ya kufuta itafika kabla ya jibu au pamoja nalo.

*Ushahidi.* Kwa barua, huhitaji stakabadhi ya kupokewa. Kwa baruapepe, swali ni kufika wapi: kwenye seva, kwenye kisanduku cha barua, au machoni? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki unajibu kwamba ujumbe umepokewa pale unapoweza kufunguliwa na mpokeaji katika anwani aliyoitaja mwenyewe. Ukitumwa kwenye anwani yake nyingine, ni lazima pia awe amejua kwamba umetumwa huko. Tofauti hiyo ndogo imebeba mambo makubwa kwa kampuni yenye anwani kumi za baruapepe.

*Mahali.* Ni kwa mtoa ofa. Katika Brinkibon v Stahag Stahl, mnunuzi wa London alikubali kwa teleksi, yaani ujumbe uliochapwa na kupokewa papo hapo kwa mashine, iliyopokewa Vienna, na mahakama ya juu ya Uingereza ikaamua mwaka 1982 kwamba mkataba ulifungwa Vienna. Lord Wilberforce aliongeza kwamba hakuna kanuni moja itakayotosha kila hali, hasa ujumbe unapopokewa nje ya saa za kazi, na kwamba nia ya wahusika na desturi njema ya biashara lazima zitazamwe.

Katika mfano wetu, kwa sura tupu hakuna mkataba, kwa kuwa ofa iliondolewa Alhamisi kabla jibu halijafika. Chini ya Mkataba wa Vienna, mkataba upo na umefungwa Ijumaa. Kanuni hii inamfaa mtoa ofa anayetoa ofa nyingi kwa akiba isiyotosha wote, na kila ambaye hawezi kuvumilia kuwa na mkataba asioujua.

Kanuni ya kugawanya

Sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Tanzania ilifuata muundo wake katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, Sura ya 345, ina kifungu cha 4 ambacho wanafunzi wa sheria hukisoma mara mbili. Mawasiliano ya kukubali hukamilika dhidi ya mtoa ofa pale jibu linapowekwa njiani kwenda kwake kiasi kwamba aliyekubali hawezi tena kulizuia. Dhidi ya aliyekubali, hukamilika pale jibu linapofahamika kwa mtoa ofa. Kifungu cha 5 kinakamilisha picha: ofa inaweza kuondolewa kabla ya saa ile ya kwanza, na kukubali kunaweza kuondolewa kabla ya saa ile ya pili.

*Hasara ya njiani.* Kwa maandishi ya kifungu, jibu likipotea mtoa ofa amekwisha kufungwa, lakini aliyekubali hajafungwa kwa kuwa jibu halijafahamika. Huo ni mzigo mzito kuliko ule wa kanuni ya kutuma, na sidhani kwamba kila anayetoa ofa chini ya sheria hii huwa ameufikiria.

*Kurudi nyuma.* Mpewa ofa ana faida ya wazi. Aliyetuma barua Jumatano anaweza kupiga simu Alhamisi na kujitoa. Mkosoaji atasema hilo linamruhusu kucheza na bei. Mtetezi atajibu kwamba mtoa ofa hapotezi chochote anachokijua, kwa sababu mpaka hapo hajalitegemea jibu ambalo hajaliona. Hoja zote mbili ni za haki, na uzito wake unategemea bidhaa: kwa kitu ambacho bei yake hubadilika kila siku, hoja ya kwanza ina nguvu, kwa kazi ya ushauri au ukarabati, ya pili.

*Ushahidi.* Ni mgumu kuliko kanuni nyingine, kwani saa mbili lazima zithibitishwe, na ya pili inahusu kufahamu, si kufika tu.

*Mahali.* Kwa posta, mahakama za India hutazama pale jibu lilipotumiwa. Kwa simu, Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 1965, katika Bhagwandas v Girdharilal, kwamba mkataba hufungwa pale kukubali kunaposikika, kwa kuwa waandishi wa sheria ya 1872 hawakuwa na simu akilini.

Katika mfano wetu, muuzaji alifungwa Jumatano na barua yake ya Alhamisi haina kazi, lakini mnunuzi alikuwa huru mpaka muuzaji alipoisoma barua ya Ijumaa. Kanuni hii inamfaa mpewa ofa mwenye nguvu ndogo ya kibiashara, anayehitaji uhakika wa bei na nafasi ya kujirekebisha.

Kuchagua kwa maandishi

Yeyote anayeweza kuandika sentensi moja katika ofa yake asiiachie sheria ya jumla kazi hiyo. Sentensi inayofaa inataja tendo, mahali na saa. Kwa mfano: "Ofa hii itakuwa imekubaliwa pale tu jibu la maandishi litakapoingia katika anwani ya baruapepe iliyotajwa hapo juu, kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe ya mwisho, kwa saa za mahali alipo mtoa ofa." Anayetaka kanuni ya kutuma ataandika kwamba kukubali kuna nguvu tangu barua inapokabidhiwa posta kwa rejista, stakabadhi ya posta ikiwa ushahidi. Epuka maneno kama "jibu lipatikane mapema", ambayo hayasemi lolote kuhusu kutuma wala kupokea.

Kwa kufuata hali yako

Kama unatoa ofa moja kwa watu kadhaa na una bidhaa moja tu, dai kupokea, na utaje kwamba jibu la kwanza kufika ndilo litakaloshika. Vinginevyo unaweza kujikuta umefungwa na barua mbili zilizo njiani kwa wakati mmoja.

Kama umepewa ofa inayoweza kuondolewa wakati wowote, na kukubali kwako kutakulazimu kutumia fedha siku hiyohiyo, tafuta kanuni ya kutuma au omba ahadi ya maandishi kwamba ofa itabaki wazi hadi tarehe fulani. Chini ya sheria ya Uingereza na zilizoifuata, ahadi hiyo pekee haimfungi mtoa ofa bila malipo au hati rasmi, kwa hiyo hata ada ndogo ina thamani.

Kama unatumia haki ya kununua, kuongeza muda wa pango au kuhuisha mkataba, chukulia kwamba taarifa lazima ifike, itume kwa njia mbili, na usingoje wiki ya mwisho.

Kama pande mbili ziko katika nchi tofauti na zinauziana bidhaa, angalia kwanza kama nchi zote mbili zimejiunga na Mkataba wa Vienna. Uganda na Burundi zimejiunga. Mkataba huo unaweza kutumika bila ninyi kuutaja, na mnaruhusiwa kuuondoa kwa maandishi. Taja pia mahakama au usuluhishi unaoutaka, ili mahali jibu lilipopokewa pasije pakaamua jambo hilo kwa niaba yenu.

Kama mnaandikiana kwa baruapepe au ujumbe wa simu chini ya sheria ya Tanzania au India, msitegemee kifungu cha 4 peke yake, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya barua. Kubalianeni anwani moja kwa kila upande, na mtake kila anayepokea jibu la kukubali aandike kwamba amelipata. Asipoandika ndani ya siku moja ya kazi, aliyetuma apige simu.

Na kama umekwisha kutuma jibu kisha ukajuta, tenda saa hiyohiyo kwa njia ya haraka kuliko ile uliyotumia kukubali. Chini ya kanuni ya kupokea na ile ya kugawanya, unaweza kuwahi. Chini ya kanuni ya kutuma, kwa mantiki yake umechelewa, na kilichobaki ni kumwomba mwenzako akuachilie kwa hiari yake.